Matokeo peke yake hayampi mtu kiti: niliyojifunza kwenye ligi ya Ayalandi

Ukija Ayalandi kutoka kwetu, mpira wa Uingereza utakufikisha mlangoni tu. Kazini watu wengi wanashabikia Liverpool na Manchester United kama ilivyo Kariakoo au Kisumu, kwa hiyo siku za kwanza hutakosa la kusema. Ila karibu kila sehemu ya kazi ina kikundi kidogo, watu watatu au wanne, ambao Jumatatu asubuhi hawana habari na Uingereza. Wanaongelea ya Ijumaa usiku, ligi ya kwao. Utasikia majina ya viwanja, mitaa na miji ya timu zao: Tallaght, Inchicore, Sligo, Brandywell. Utaona mmoja kanuna na mwingine anamchokonoa, halafu wote wanarudi kwenye chai yao. Mimi nilitaka kukaa meza hiyo, na ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba kujua nani kamfunga nani hakumpi mtu kiti.

Naandika kwa wanaokuja nyuma yangu: manesi, walezi wa wazee, wanafunzi, na wale walio kwenye makazi ya waomba hifadhi ambao Ijumaa jioni kwao ni ndefu kuliko wiki nzima.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia jirani na Mkwakwani na timu yangu ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988, na tangu hapo tunaishi kwa kumbukumbu. Nalisema mapema kwa sababu lilinisaidia kuliko nilivyotarajia. Mtu wa Simba au Yanga anaweza kuchelewa kumwelewa anayekosa usingizi kwa ajili ya timu inayoingiza watazamaji elfu mbili kwenye mvua. Sisi wa Tanga hatuhitaji kuelezwa.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Dublin. Mmoja wa niliowahudumia alizaliwa Inchicore, magharibi ya jiji, na timu yake ni St Patrick's Athletic, ambayo kila mtu anaiita Pats. Wenzangu walimwita kwa jina lake la kwanza kama ilivyo desturi yao. Mimi nilishindwa, mtu wa rika la babu yangu, nikawa namwita Mzee, naye akalipokea kama jina la utani. Macho yake yalikuwa hayasomi tena maandishi ya simu. Kila Jumamosi nikiingia zamu ya asubuhi alikuwa ameshakaa kitandani ananisubiri: Pats wametokaje?

Nikawa namsomea. Sare, moja moja. Hapo nilidhani kazi imeisha. Yeye ndiyo kwanza anaanza: aliyesawazisha nani, dakika ya ngapi, Derry wametokaje, Drogheda je, na Galway? Alikuwa akiuliza ya wengine kwa bidii kuliko ya timu yake, mpaka nikahisi labda anachanganya mambo. Kumbe alikuwa anapanga msimamo wa ligi kichwani, timu zote kumi, bila karatasi.

Kwa hiyo anza na mpangilio, maana bila huo matokeo ni namba tu. Ligi Kuu ina timu 10. Kila timu inakutana na mwenzake mara nne, mbili nyumbani na mbili ugenini, jumla mechi 36. Msimu unaanza Februari na kuisha mwanzoni mwa Novemba. Walihamia kalenda hiyo mwaka 2003. Mechi nyingi ni Ijumaa saa mbili kasorobo usiku, kwenye tiketi utaona 19:45. Sligo Rovers wakiwa nyumbani mara nyingi hucheza Jumamosi, na kuna raundi za Jumatatu hapa na pale. Yaani matokeo ya wikiendi yanaweza kuanza Ijumaa na kumalizikia Jumatatu usiku. Mtu akikuambia timu yake imepanda nafasi mbili, uliza kwanza kama viporo vimekwisha.

Kukutana mara nne kunabadilisha hata utani. Kwetu ukimfunga mtani wa jadi unaweza kumringia nusu mwaka. Huku baada ya wiki kadhaa mnaonana tena, na aliyecheka sana Machi anajificha chooni Mei. Nimeona watu wazima wakipunguza maneno ya ushindi kwa kuangalia ratiba kwanza.

Halafu jua ni nafasi zipi zina uzito. Wa kumi anashuka daraja moja kwa moja. Wa tisa anacheza mchujo na timu iliyopenya kwenye mchujo wa Daraja la Kwanza, mechi moja inayoamua mwaka mzima. Juu, bingwa anaingia hatua za awali za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Wa pili, wa tatu na mshindi wa Kombe la FAI, yaani kombe la chama cha soka cha Ayalandi, wanaingia hatua za awali za mashindano mengine ya Ulaya. Hapo ndipo penye kichekesho: kama mshindi wa kombe tayari yumo ndani ya tatu bora, nafasi ya Ulaya inashuka kwa wa nne. Ndiyo maana kombe likifika robo fainali utamkuta shabiki wa timu iliyo nafasi ya nne akimwombea ushindi adui yake mkubwa. Atakuambia kwa sauti ya chini. Usimtangaze.

Na pointi zinabanana. Ukiwa umezoea ligi ambazo bingwa anamaliza na pointi 90, angalia mwaka 2024: Shelbourne walichukua ubingwa kwa pointi 63 katika mechi zote 36. Shamrock Rovers wakamaliza na 61. Siku ya mwisho Shelbourne walikuwa Derry, mechi haina bao na muda unakwenda, na sare ingewapa Rovers ubingwa wa tano mfululizo. Wakapata bao dakika za lala salama, wakashinda 1-0. Kocha alikuwa Damien Duff, yule winga wa zamani wa Chelsea. Ligi ya namna hiyo, sare ya Aprili kati ya wa sita na wa nane si habari ndogo. Nilipoacha kuuliza "mlishinda?" na kuanza kuuliza "ile sare inawaacha wapi?", sauti za watu mezani zilibadilika.

Lakini bado nilikuwa msomaji wa matokeo. Mpishi wetu, mtu wa Drumcondra na Shelbourne damu, alinisikiliza siku moja nikimaliza hesabu zangu zote, kisha akaniuliza kama nimewahi kuingia uwanjani. Nikasema bado. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kumenya viazi. Hakunidharau. Ila niliona kwamba maongezi yamekwisha.

Ijumaa yangu ya kwanza nilikwenda Richmond Park, uwanja wa Pats, pale Emmet Road. Ni uwanja uliobanwa na nyumba za watu, mto Camac unapita nyuma yake, na unaweza kupita barabarani usijue kama kuna uwanja mpaka uone taa. Kuhusu baridi ya Februari sitawaficheni: niliumia. Ayalandi haina baridi ya theluji nyingi, ina ubichi unaopanda kutoka kwenye zege hadi magotini. Koti zuri halitoshi. Vaa soksi mbili, viatu vya soli nene na kofia inayofunika masikio, na usitegemee mwavuli kwa sababu unamziba wa nyuma yako na utaambiwa. Chukua chai mapema, kabla ya mapumziko. Foleni ya mapumziko imewakosesha watu mabao mengi.

Gharama. Kiingilio cha mtu mzima Ligi Kuu huwa kati ya euro 15 na 20, nafuu kwa wanafunzi na wazee. Ni hela kwa anayeanza maisha, hasa ukiongeza kwamba kukosa zamu ya Ijumaa jioni ni kukosa malipo yake. Mimi nilipiga hesabu ya mwezi nikaona nimudu mechi mbili za nyumbani, nyingine nizitazame kwenye simu. Tiketi ya msimu inashusha bei ya mechi moja moja, lakini kama kazi yako ni ya zamu zinazobadilika kila wiki, fikiri mara mbili: utakuwa umelipia Ijumaa ambazo unambadilishia mzee shuka. Tiketi nunua mtandaoni siku kadhaa kabla. Watu wanasikia ligi ndogo wanadhani watalipa getini. Viwanja vya Dublin ni vidogo na vinajaa, na Dalymount Park ya Bohemians ndiyo ngumu kuliko zote. Ukifika pale siku ya kuwapokea Shamrock Rovers bila tiketi, utasikiliza kelele ukiwa nje. Kama unataka tu kuonja, Tallaght ya Rovers ina viti vingi zaidi na treni ya Luas ya mstari mwekundu inakufikisha karibu.

Jumamosi ile niliingia chumbani kwa Mzee nikiwa nimekauka sauti. Hakuniuliza matokeo. Aliniuliza nilisimama upande gani, upepo ulikuwa unatoka wapi, na kama kipa anatoka golini au anaogopa. Nikamjibu vyote. Kisha akanipa historia ambayo hakuwa amenipa miezi yote: jinsi Pats walivyochukua Kombe la FAI mwaka 1961, yeye kijana, halafu wakakaa miaka 53 bila kulishika tena mpaka 2014. Na Paul McGrath. Mtoto wa baba Mnigeria, aliyelelewa kwenye vituo vya watoto hapahapa Dublin, akaichezea Pats msimu mmoja tu kabla ya Manchester United kumchukua mwaka 1982. Inchicore walimwita Lulu Nyeusi. Mzee alieleza namna alivyokuwa akiutuliza mpira kifuani kana kwamba jambo hilo limetokea juzi. Mimi, mtu mweusi niliyesimama peke yangu kwenye jukwaa lile usiku uliopita, nilihitaji kuisikia habari hiyo, ingawa sikumwambia.

Maana tusidanganyane, kuna la rangi. Viwanjani nimepokelewa vizuri mara nyingi mno kuliko vibaya. Klabu nyingine zimejitokeza waziwazi: Bohemians, ambayo ni mali ya wanachama wake, mwaka 2020 walitoa jezi yenye maneno ya kuwakaribisha wakimbizi, kwa kushirikiana na Amnesty International. Lakini nimeshasikia pia, kwenye uwanja mmoja ambao sitautaja, mtu akimtupia mchezaji mweusi wa timu ngeni neno ambalo sitaliandika. Nilipoa mwili mzima. Kabla sijaamua nifanye nini, mama mmoja wa mstari wa mbele aligeuka akamkaripia kama anavyomkaripia mtoto wake, na mlinzi wa uwanja akaja. Ushauri wangu: usijibishane, kumbuka kiti na dakika, mweleze mlinzi mwenye fulana ya rangi kali. Wanachukua hatua zaidi wakiambiwa pale pale kuliko ukilalamika kesho yake.

Kisha ikaja Novemba 2023. Mwezi ambao ulipaswa kuwa wa furaha. Tarehe 12 Pats walikuwa wamewafunga Bohemians 3-1 kwenye fainali ya kombe pale uwanja wa Aviva, mbele ya watu 43,881, idadi ambayo fainali hiyo haikuwahi kufikisha. Tarehe 23 katikati ya jiji pakachomwa mabasi na treni ya Luas, watu wakipiga kelele dhidi ya wageni. Nilikuwa zamu ya jioni. Tulilala kazini sisi wote tusio na magari. Kwa majuma kadhaa nilikuwa nikishuka kwenye basi vituo viwili kabla, niingie njia yenye maduka yanayowaka taa. Msimu mpya ulipokaribia, Februari 2024, nilikuwa nimeshaamua kwamba mpira wa usiku basi. Mpishi wa Shelbourne akanikuta kwenye ngazi akaniambia Ijumaa atanipitia nyumbani kwa gari, atanishusha Inchicore, yeye aende kwake Tolka Park, na akimaliza anichukue. Njia zenyewe hazikutani hata kidogo, ukiangalia ramani. Alifanya hivyo kwa wiki kadhaa, bila kuligusa neno la fujo. Njiani alinitukania Pats tu.

Ningependa kusema hapo ndipo nilipokuwa mmoja wao. Haikuwa hivyo. Nilikuwa bado sijajua nini hakisemwi.

La kwanza: usifananishe na Uingereza. Usiseme timu fulani ingekuwa daraja la ngapi kule. Kila shabiki wa ligi hii ameshaulizwa swali hilo na jirani, shemeji na daktari wa meno. Wana jina la kejeli kwa Waayalandi wanaoshabikia timu za Uingereza kutoka kwenye viti vya baa, na ukianza ulinganisho unawekwa kundi hilo papo hapo. Bosi wa zamani wa chama chao cha soka, John Delaney, aliwahi kuiita ligi hii mtoto mkorofi. Miaka imepita, ameshaondoka, na hawajamsamehe.

La pili: fedha na misiba ya klabu. Kwa nje utani unafanana na wetu, kila kitu kinaruhusiwa. Lakini kila klabu ina kidonda chake, na lazima ukijue kabla hujakibonyeza. Shelbourne walikuwa mabingwa 2006, fedha zikaisha, msimu uliofuata wakaanza Daraja la Kwanza. Ule wa 2024 ndio ubingwa uliofuata. Shamrock Rovers, leo matajiri wa ligi, uwanja wao wa Milltown waliupoteza mwaka 1987 na wakatangatanga kwenye viwanja vya watu mpaka walipoingia Tallaght mwaka 2009. Mashabiki wenyewe ndio walioinunua klabu mwaka 2005 isife. Cork City wamepitia kuvunjwa. Limerick hawapo tena, na mahali pao kuna klabu mpya. Monaghan United walijitoa katikati ya msimu wa 2012. Mtu aliyewahi kushika ndoo ya michango getini ili wachezaji walipwe hawezi kuchekeshwa na mzaha wa kufilisika. Mcheke kwa kipa wake, kwa jezi mbaya, kwa penati iliyogonga nguzo. Nyumba ya klabu iache.

Hapo ndipo Coastal Union waliponisaidia. Niliwaeleza mezani timu inayoishi kwa ubingwa mmoja wa 1988, mashabiki wanaochangishana nauli, viongozi wanaogombana, na bado Mkwakwani panajaa siku ya siku. Mtu wa Sligo Rovers, dereva wetu wa magari ya wagonjwa, aliacha sandwichi yake akanisikiliza mpaka mwisho. Wao wana ubingwa wa 1937, 1977 na 2012, klabu ni ya mji wenyewe, na ndiko Seamus Coleman alikotoka kwenda Everton mwaka 2009 kwa pauni 60,000 tu. Akataka kujua jezi ya Coastal ni rangi gani. Tangu siku ile matokeo ya Tanga nayo yanaulizwa Jumatatu, na kwa bahati mbaya huwa sina jema la kuripoti.

La tatu: Derry City. Huwezi kuongelea ligi hii ukaikwepa. Mji uko Ayalandi ya Kaskazini, ndani ya Ufalme wa Muungano, lakini timu inacheza ligi ya Jamhuri. Walijiondoa ligi ya kaskazini mwaka 1972, wakati wa machafuko, baada ya kuzuiwa kucheza kwenye uwanja wao, Brandywell, kwa sababu za usalama. Wakakaa miaka 13 bila soka ya juu, wakapokelewa kusini mwaka 1985, na msimu wa 1988/89 wakabeba ligi na vikombe vyote viwili. Mji una majina mawili na kila moja lina upande wake wa siasa. Wewe taja jina la klabu, Derry, uongelee mpira. Ukiulizwa maoni kuhusu mpaka, uliza wameuza nani dirisha hili.

Kuuza wachezaji ni maongezi yenyewe siku hizi. Tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, klabu zake haziwezi kumsajili kijana wa Kiayalandi kabla hajafika miaka 18. Zamani walikuwa wakichukuliwa wakiwa na miaka 15 au 16, hakuna aliyewaona. Sasa wanabaki nyumbani, wanacheza na watu wazima, na mashabiki wanapata kuwapenda kabla ya kuwapoteza. Mason Melia wetu wa Pats alikuwa na miaka 17 Tottenham walipofunga naye makubaliano mapema 2025, akabaki nasi kwanza. Mechi zote za mwaka ule watu walikuwa wanahesabu. Ukitaka kuanzisha maongezi na mtu usiyemjua uwanjani, acha hali ya hewa. Muulize kijana gani wa timu yake ataondoka mwakani. Utapata dakika ishirini.

Safari za ugenini ziendee kwa basi la mashabiki, usiende peke yako. Kijana mmoja wa Mwanza, mwanafunzi, alipanda treni kutoka kituo cha Connolly kwenda Sligo, saa tatu za mandhari nzuri, akatazama mechi vizuri, akatoka uwanjani akakuta treni za kurudi Dublin zimekwisha zamani. Alikesha kwenye ukumbi wa hoteli ambako mlinzi wa usiku alimwonea huruma. Mabasi ya mashabiki yanaondoka mchana na kurudi usiku huohuo, nafasi inaombwa siku chache kabla, na ndani ya basi ndimo unamofundishwa nyimbo. Kumbuka tu kwamba kurudi Dublin ni usiku wa manane na basi la mtaani kwako huenda limelala. Panga na mwenye gari kabla hamjaondoka. Na kaa upande wa wageni, hata kama rafiki yako wa kazini ana nafasi upande wa wenyeji. Dublin hasa, mechi ya Bohemians na Rovers, rangi ya skafu isiyo mahali pake inaleta maneno. Mwaka 2025 waliipeleka mechi hiyo Aviva ikaingiza watu 33,208, rekodi ya ligi.

Kama una zamu, mechi zinaoneshwa mtandaoni kwenye LOITV, huduma ya ligi yenyewe, kwa malipo, na baadhi ziko kwenye televisheni ya taifa. Lakini msimwangalizie mtu simu begani wakati anafanya kazi. Na usimwambie matokeo mtu aliyerekodi! Hilo nimeona likivunja urafiki wa miaka.

Mzee alihamia Cork karibu na binti yake. Ananipigia Jumamosi, au binti anampigia simu anamwekea sikioni. Siku hizi ananipa yeye matokeo, maana mjukuu wake anampeleka Turners Cross, uwanja wa Cork City, na anadai anakwenda kwa ajili ya mjukuu tu. Cork City walipocheza na Pats hatukutaja alishabikia nani.

Kitu kimoja kinachowaponza wageni wengi ni mapumziko ya Desemba na Januari. Maongezi yanakufa, unadhani umesahauliwa, unarudi kwenye Arsenal. Vumilia. Hicho ndicho kipindi cha kununua tiketi ya msimu kama zamu zako zinaruhusu, na kujua nani amesajiliwa wapi, kwa sababu mikataba mingi ni mifupi na timu inaweza kubadilika nusu nzima. Ratiba mpya hutoka mwishoni mwa mwaka. Ikitoka, mimi siisomi kwanza. Naipeleka kwa anayepanga zamu, Ijumaa za nyumbani nimeshazizungushia wino, kabla manesi wetu wa Kerala hawajajaza likizo zao na mtu wa Sligo hajaziomba Jumamosi zote.